Namba 2,147,483,647: jinsi ya kuthibitisha kwa biki na kaye kwamba ni tasa

Namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hilo kila aliyepita shule ya msingi analijua, na kwa namba kama 37 au 101 hakuna kazi. Shida inaanza pale mtu anapokuwekea mbele namba ya tarakimu kumi akakuambia hii ni tasa. Utajuaje? Hapa Bukavu wanafunzi wengi wanachukua simu, wanaiandika kwenye programu, programu inasema ndiyo, mambo yanaishia hapo. Mimi nafundisha hesabu na jibu la namna hiyo haliniridhishi, kwa sababu mwanafunzi hajajua kitu, ameambiwa tu.

Namba 2,147,483,647 inaweza kuthibitishwa kwa mkono. Mwanahesabu Leonhard Euler aliitangaza kuwa tasa mwaka 1772 akiwa Saint Petersburg, macho yake yakiwa karibu yamezimika kabisa, na kwa miongo mingi baadaye haikujulikana namba tasa nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Hakuwa na mashine. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa vigawo ambavyo hana haja ya kuvijaribu, na huo ndio ujuzi ninaotaka uupate hapa. Kugawanya mtu yeyote anaweza. Kupunguza orodha ya kugawanya ndiyo hesabu yenyewe.

Utahitaji kaye ya miraba, biki mbili za rangi tofauti, na mashine ya kuhesabia yenye nafasi ya tarakimu 10 au zaidi. Zile ndogo za tarakimu 8 zinasaidia mwanzoni tu, nitaeleza kwa nini. Umeme ukikatika, sogea dirishani uendelee.

Hatua ya 1: ijenge namba mwenyewe

Usiinakili kutoka popote. 2^10, yaani 2 kumi zikizidishwa pamoja, ni 1,024. Zidisha 1,024 kwa 1,024 upate 2^20, yaani 1,048,576. Zidisha hiyo tena kwa 1,024 upate 2^30, yaani 1,073,741,824. Mara mbili yake ni 2,147,483,648. Toa 1. Juu ya ukurasa andika:

2^31 − 1 = 2,147,483,647

Namba za umbo hili, 2 kwa kipeo fulani kutoa 1, zinaitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo visivyozidi 257 ambavyo kwa maoni yake vinaleta namba tasa. Kipeo 31 kimo na ni sahihi, lakini 67 na 257 alikosea kuviweka, na 61, 89 na 107 aliviruka. Kosa la 67 lilifunuliwa kikamilifu mwaka 1903, Frank Nelson Cole alipoonyesha kwamba 2^67 − 1 ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Kwa hiyo jina kubwa halitoshi kuwa uthibitisho, hata likiwa la Mersenne.

Kabla ya kuendelea angalia kipeo. Kipeo kikigawanyika, namba nzima inagawanyika: 15 ni 3 × 5, na kweli 2^15 − 1, yaani 32,767, inagawanyika kwa 2^3 − 1 = 7 na kwa 2^5 − 1 = 31. Kipeo chetu 31 ni tasa, basi tumepita mlango wa kwanza. Ni mlango tu. Hata 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 = 2,047 = 23 × 89.

Hatua ya 2: weka mpaka

Namba ikigawanyika, kigawo chake kimoja hakizidi kipeuo chake cha pili. 46,340 × 46,340 ni 2,147,395,600, bado chini ya namba yetu. 46,341 × 46,341 ni 2,147,488,281, imepita. Mpaka ni 46,340.

Chini ya mpaka huo kuna namba tasa karibu 4,800. Ungeweza kuanza na 3, 5, 7, 11 ukaenda zako, na usipokosea hata mara moja utafika. Sikushauri.

Hatua ya 3: kanuni mbili zinazofuta karibu orodha yote

Hapa nenda polepole. Ukiielewa hatua hii, zilizobaki ni kazi ya mkono.

Tuseme kuna namba tasa q inayogawanya 2^31 − 1. Maana yake 2^31 ikigawanywa kwa q inabaki 1. Sasa anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, na kila mara baki na kile kinachosalia baada ya kugawanya kwa q. Mlolongo huo unazunguka na kurudi kwenye 1. Jaribu kwanza kwa 23, ambayo tumeshaona inagawanya 2^11 − 1:

1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1

Baada ya 16 ilikuja 32, tukatoa 23, ikabaki 9. Baada ya 12 ilikuja 24, ikabaki 1. Hesabu hatua: ni 11, sawasawa na kipeo. Haikutokea kwa bahati. Mzunguko wowote wa namna hii, urefu wake lazima ugawanye kipeo, na kipeo kikiwa tasa kuna nafasi mbili tu, 1 au kipeo chenyewe. Urefu wa 1 hauwezekani, maana ungetaka 2 ibaki 1, yaani q igawanye 1. Kwa hiyo kwa q yetu mzunguko una hatua 31 kamili.

Upande mwingine, Pierre de Fermat alieleza mwaka 1640 kwamba kwa kila namba tasa q isiyo 2, namba 2^(q−1) ikigawanywa kwa q inabaki 1. Mzunguko wa hatua 31 unaporudi kwenye 1 katika hatua ya q − 1, maana yake q − 1 inagawanyika kwa 31. Tena q ni witiri, basi q − 1 ni shufwa. Zikutane hizo mbili:

q = 62k + 1

Hapo k ni namba nzima yoyote kuanzia 1. Hiyo ni kanuni ya kwanza. Angalia 23 na 89 kwa kipeo 11: 23 ni 22 + 1, na 89 ni 88 + 1. Inafanya kazi.

Kanuni ya pili inatoka mahali ambapo wengi hawatazami. Kama 2^31 inabaki 1, basi 2^32 inabaki 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 2^16. Kumbe, mbele ya q, namba 2 ni baki la mraba fulani. Si kila namba tasa inakubali jambo hilo. 7 inakubali: 3 × 3 ni 9, inabaki 2. 23 inakubali: 5 × 5 ni 25, inabaki 2. 5 inakataa, jaribu miraba yote utapata mabaki 0, 1 na 4 peke yake. Zinazokubali, ukiacha 2 yenyewe, ni zile ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabaki 1 au 7. Uthibitisho wa sentensi hiyo ya mwisho ni mrefu kidogo na sitauweka hapa, ila mwalimu wako wa aljebra anaweza kukuonyesha.

Unganisha kanuni hizo mbili. Kati ya namba za 62k + 1, zinazobaki 1 au 7 kwa 8 ni zile ambazo k ikigawanywa kwa 4 inabaki 0 au 1. Kwa maneno mengine:

q = 248m + 1, au q = 248m + 63

Herufi m nayo ni namba nzima. Kutoka karibu 4,800 tumeshuka hadi 372 za kutazama chini ya mpaka wetu, bila kuhesabu 63, ambayo ni 7 × 9. Na hizo 372 nyingi si tasa.

Hatua ya 4: andika safu mbili, kisha pepeta

Kwenye kaye chora safu mbili. Ya kwanza inaanza na 249, ya pili na 311, na kila mara unaongeza 248. Mwanzo wake ni huu:

Safu ya kwanza: 249, 497, 745, 993, 1241, 1489, 1737, 1985, 2233, 2481

Safu ya pili: 311, 559, 807, 1055, 1303, 1551, 1799, 2047, 2295, 2543

Futa zinazogawanyika. Zinazoishia na 5 zinaondoka mara moja. Jumlisha tarakimu: 249, 807, 993, 1551, 1737 na 2481 zinagawanyika kwa 3. Kwa 7 zinaondoka 497, 1799 na 2233. 559 ni 13 × 43, 1241 ni 17 × 73, na 2047 tunaifahamu tayari, 23 × 89. Kati ya namba hizi ishirini zimebaki nne: 311, 1303, 1489 na 2543.

Ukienda hivyo hadi 46,340 zinabaki themanini na kitu. Ukikutana na namba ambayo huna hakika kama ni tasa, usiifute. Kuijaribu bure kunakupotezea dakika mbili. Kuifuta kwa makosa kunavunja uthibitisho wote.

Hatua ya 5: jaribu kila moja kwa 65,536

Ungeweza kugawanya 2,147,483,647 kwa 311 moja kwa moja: jibu ni 6,905,092 na baki ni 35. Kuna njia fupi zaidi, na ni zawadi ya kanuni ya pili. Kama q ni kigawo, 2^32 inabaki 2. Na 2^32 ni 65,536 × 65,536. Kwa hiyo:

gawanya 65,536 kwa q, chukua baki. Zidisha baki hilo kwa lenyewe. Gawanya tena kwa q. Likibaki 2, umekamata kigawo. Likibaki kitu kingine chochote, q imeondoka.

Kwa 311, 65,536 inabaki 226. Hapa kuna ufundi mdogo: baki likizidi nusu ya q, toa q upate namba hasi, maana mraba wake unaacha baki lile lile na ni mdogo zaidi. 226 − 311 = −85. Mraba ni 7,225. Gawanya kwa 311, inabaki 72. Si 2. Futa 311 kwa biki ya rangi.

Kwa 1303: mashine inakupa 65,536 ÷ 1303 = 50 na desimali. Chukua 50, zidisha kwa 1303 upate 65,150, toa: 386. Mraba ni 148,996, na 114 × 1303 ni 148,542, inabaki 454. Si 2.

Kwa 1489: inabaki 20, mraba 400. Si 2. Hii haihitaji hata mashine.

Kwa 2543: inabaki 1961, yaani −582. Mraba 338,724, inabaki 505. Si 2.

Sasa kuhusu mashine ndogo ya tarakimu 8: inafaa mradi baki lisizidi 9,999, kwa sababu mraba wa 9,999 ni 99,980,001. Ukikaribia mpaka, baki linaweza kufika 23,170, ambalo mraba wake ni 536,848,900, na mashine hiyo inashindwa. Simu nayo ina mtego wake. Ikikuonyesha namba yenye herufi E katikati, imeshakadiria na tarakimu za mwisho zimepotea. Baki utakalotoa hapo ni la uongo.

Kabla ya kuingia kwenye kazi kubwa, jipime na mfano ambao jibu lake ni kinyume. Chukua 2^23 − 1 = 8,388,607 na q = 47. Kipeo ni 23, basi unatafuta kama 2^24 inabaki 2, na 2^24 ni mraba wa 2^12 = 4,096. Gawanya 4,096 kwa 47, inabaki 7. Mraba ni 49. Toa 47: imebaki 2. Umekamata. Kweli 8,388,607 = 47 × 178,481. Mwanafunzi aliyeona 2 ikitokea mwenyewe ataelewa anatafuta nini katika zile themanini.

Hatua ya 6: gawaneni kazi, na kila kitu kifanywe mara mbili

Kigawo kikipatikana, kinajithibitisha chenyewe: unazidisha, kila mtu anaona. Kigawo kisipopatikana, uthibitisho wako unasimama juu ya mabaki themanini na kitu, na kosa katika moja tu linaweza kuficha kigawo. Kwa sababu hiyo napendelea kazi hii ifanywe na darasa. Kila q ipewe watu wawili wasioketi pamoja. Kila mmoja anaandika namba tatu katika mstari mmoja: q, baki la 65,536, na baki la mraba. Mistari ikilingana inaingia kwenye karatasi kuu. Isipolingana, mtu wa tatu anarudia bila kuonyeshwa majibu ya wale wawili. Darasa la wanafunzi arobaini linamaliza ndani ya asubuhi moja ya Jumamosi.

Hatua ya 7: njia ya pili, isiyotafuta vigawo kabisa

Édouard Lucas alitoa mwaka 1876 njia ya kupima namba za Mersenne bila kujaribu kigawo hata kimoja, na kwayo akathibitisha 2^127 − 1, yenye tarakimu 39. D. H. Lehmer aliinyoosha baadaye, ndiyo maana inaitwa jaribio la Lucas na Lehmer. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki kwa namba unayoipima. Rudia. Kwa kipeo p kilicho tasa na kisicho 2, rudia mara p − 2. Likiisha kwenye 0, namba ni tasa. Lisipoisha kwenye 0, si tasa. Halikosei upande wowote.

Jaribu kwa 2^13 − 1 = 8,191, mara 11:

4, 14, 194, 4870, 3953, 5970, 1857, 36, 1294, 3470, 128, 0

Baki la 8,191 linapatikana kirahisi ukigawanya kwa 8,192 badala yake, kisha ukajumlisha jibu na baki. 194 × 194 − 2 ni 37,634. Ndani yake 8,192 inaingia mara 4 na inabaki 4,866. Jumlisha: 4,870. Namba yoyote ya Mersenne inakubali ufundi huu, na jumla ikiwa bado imezidi namba unayoipima, unagawanya na kujumlisha tena.

Kwa namba yetu kubwa unarudia mara 29. Miraba yake inafika tarakimu 19, kwa hiyo itabidi uivunje vipande na kuizidisha kwenye karatasi. Hivi hapa vituo vya kujikagua: baada ya mara ya tatu una 37,634, ya nne, 1,416,317,954, ya tano, 669,670,838. Mara ya 27 upate 1,181,536,708. Mara ya 28 inatoka 65,536, ile ile tuliyoitumia kwenye hatua ya 5, na mraba wake kutoa 2 ni mara mbili kamili ya 2,147,483,647. Mara ya 29 ni 0. Mimi mpaka leo nafurahi kila ninapoiona 65,536 ikirudi hapo.

Jaribio hili hili linatumiwa na kompyuta kuthibitisha namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana. Mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa 2^136,279,841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana na Luke Durant wa Marekani.

Onyo kuhusu programu za simu

Programu nyingine hupima kwa kanuni ya Fermat peke yake: zinaangalia kama 2^(n−1) inabaki 1 kwa n, zikiona 1 zinasema n ni tasa. Kwa namba za Mersenne jaribio hilo kwa 2 halina maana kabisa, kwa sababu kila namba ya Mersenne yenye kipeo tasa inalipita. Chukua 2,047. 2^11 inabaki 1, na 2,046 ni 11 × 186, kwa hiyo 2^2046 inabaki 1 pia. Programu itakuambia ni tasa, nawe unajua ni 23 × 89. Ukitaka kuijua programu yako, iulize 341 kwanza. Hiyo ni 11 × 31 na inapita mtego huo huo.

Mahali pengine utakapoikuta namba hii

Kwa mfumo wa tarakimu mbili, 0 na 1 tu, 2,147,483,647 ni 1 zilizopangwa 31 mfululizo. Ndiyo maana kompyuta inayotunza namba kwa nafasi 32, moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa, haiwezi kuhesabu zaidi ya hapo. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 itafika kwenye namba hii tarehe 19 Januari 2038, saa 05:14:07 alfajiri kwa saa ya Bukavu, na sekunde inayofuata itasoma tarehe ya uongo kama haijarekebishwa.

Tena, ukizidisha namba yetu kwa 2^30 unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu: jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo chini yake ni yenyewe. Kanuni hiyo ni ya Euclid.

Na kwa sisi wa Kivu kuna jambo la kujua. Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward, kaskazini ya Goma, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wenye alama zilizochanjwa, wa miaka kama 20,000 iliyopita. Safu yake moja ina makundi ya alama 11, 13, 17 na 19, namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Kama waliochanja walikusudia hivyo, wataalamu hawajakubaliana. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels. Inaniuma kwamba mtoto wa hapa anaweza kumaliza sekondari bila kuusikia.

Kazi ya kufanya peke yako

Rudia hatua zote kwa 2^29 − 1 = 536,870,911. Umbo la vigawo ni 58k + 1, na ukiongeza kanuni ya 8, ya kwanza kutazama ni 175, unaifuta, inayofuata ni 233. Badala ya 65,536 tumia 2^15 = 32,768. Ukipata 148 kisha 2, uko sawa. Gawanya uendelee mpaka umalize vigawo vyote vitatu.

Halafu 2^37 − 1. Hiyo Fermat aliivunja mwaka 1640. Umbo ni 74k + 1, namba ya kutumia ni 2^19 = 524,288, na kigawo kinapatikana kwenye jaribio la kwanza kabisa.